Miaka Kumi na Mmoja ya Kukaimu

Ndugu, majirani na wafanyakazi wenza wa marehemu, familia imeniachia mimi, mama yake mzazi, niwasomee maisha ya mwanangu, ambaye wengi wenu mlimwita Kaimu.

Alizaliwa tarehe 3 Mei 1979 katika zahanati iliyo nyuma ya soko, akiwa mtoto wangu wa pili, akaanza shule ya msingi mwaka 1986, akamaliza kidato cha nne mwaka 1996, mtoto asiye na makuu, wala hakunisumbua.

Machi 1999 aliajiriwa kwenye mtambo wa maji, akaanza kwa kusafisha machujio, akawa fundi wa pampu, na mwaka 2006 akamwoa mshonaji wa sare, ambaye yupo hapa na mabinti zao wawili, wakaishi nyumba ya kupanga ambayo hakuipaka rangi, kwa kuwa alisema ni ya muda tu. Mwaka 2009 mkuu wa zamu alihamishwa, marehemu akaambiwa akaimu kwa wiki mbili, akakaimu miaka kumi na mmoja, asithubutu hata kusogeza kiti karibu na dirisha, akihofia mwenye kiti atarudi.

Mwaka 2020 wakubwa walimthibitisha, wenzake wakamtania kwamba sasa watamwita nani, tukapika, tukafurahi, yeye akanifuata jikoni, akakaa juu ya ndoo, akasema, “Mama, nilikuwa nasubiri nianze kuishi, kumbe ndiyo nilikuwa naishi. Sasa nimlaumu nani?” Nilimwambia ale kwanza, nikampakulia.

Ini lilianza kumsumbua Juni 2023, akalazwa mara mbili, na pale wodini akawa ananiuliza yeye ni nani ukiondoa kazi, ukiondoa mume, ukiondoa baba, nami nikimfuta jasho nikamjibu kwamba ni mwanangu, akasema hilo ni langu, si lake, akageukia ukutani. Alifariki tarehe 14 Februari 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa ametoka kwenda kumchukulia uji.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea viti na maji, na wenzake wa mtambo mliomwosha na kumbeba. Fundi wa kaburi ameniuliza aandike nini chini ya jina, nimemwambia aache wazi.

Pumzika sasa, mwanangu, hakuna tena anayekungoja uanze.