Kisuruali cha Flana

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao lililoegemea ukuta wa duka la fundi cherehani, na mguu wake wa nne ni tofali. Wakaaji ni walewale. Mwenye duka tunamwita Sentimita, kwa sababu futi yake ya kupimia haitoki shingoni hata akienda msibani. Redio anatengeneza simu kwenye kibanda cha jirani, na yeye mwenyewe hana kitufe cha kuzimia. Wakili amesimama mahakamani mara moja tu maishani, tena kama shahidi, na aliambiwa akae chini. Mama Birika anatuuzia kahawa na kutugombeza, na kugombezwa hakuna nyongeza ya bei. Mimi ni fundi viatu, wananiita Kisigino, na sanduku langu liko mwisho wa benchi, chini, kwa hiyo hakuna neno linalonipita. Asubuhi hiyo cherehani ya Sentimita haikulia hata mara moja.

Mama Birika: Fundi, kahawa hiyo imeshapoa. Unainywa au unaipima?

Sentimita: Iache tu, mama.

Redio: Siku ya nne leo yuko hivi. Jamani, mwanamume akinyamaza siku nne, ama amefiwa ama anataka kuoa.

Wakili: Sema, bwana, tukusaidie. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.

Sentimita: Na kweli kiko nguoni.

Akavuta droo ya cherehani, akatoa kisuruali cha mtoto, cha flana ya manjano, kidogo hata ungeweza kukificha kiganjani. Sote tulijua ni cha nani. Sentimita na mkewe walikaa miaka saba wakiombewa mtoto na kila anayepita, na miezi miwili iliyopita walijaliwa binti. Siku aliyozaliwa, mtu huyu aliyekuwa hacheki na wateja alicheka na mlango.

Sentimita: Nilipima mguu mmoja, kama fundi yeyote. Nani anapima miwili? Kitambaa unakikunja, unakata mara moja, miguu yote inatoka. Nikamvisha mwenyewe, mama yake yuko jikoni. Mguu wa kulia umefika kwenye kifundo, safi kabisa. Wa kushoto umemeza vidole vyote.

Redio: Ulikosea kukata.

Sentimita: Mimi?

Redio: Mkasi huteleza, kaka.

Sentimita alikilaza kisuruali juu ya meza, akalaza mguu juu ya mguu. Haikupishana hata kwa unene wa uzi. Redio akajifuta pua.

Sentimita: Nikamvua. Nikatazama mapaja. La kulia lina mikunjo miwili. La kushoto, mitatu. Nikahesabu tena, nikidhani ni macho. Miwili. Mitatu. Nikainyoosha miguu pamoja, goti moja likabaki nyuma.

Mama Birika: Mikunjo ya mtoto ni maziwa hayo, baba. Mshukuru Mungu. Haba na haba hujaza kibaba.

Sentimita: Maziwa yanajaza paja moja tu, mama?

Wakili: Hapo sasa! Mtoto ananyonya zaidi upande gani? Akinyonya zaidi kushoto, maziwa yanashukia kushoto. Hiyo iko wazi.

Mama Birika: Wakili, wewe umewahi kunyonyesha?

Wakili: Mimi nazungumzia mteremko, mama, sizungumzii kunyonyesha.

Redio: Hakuna cha mteremko. Mama yake akimpakata, simu anaiweka wapi? Mimi nafungua simu kumi kwa siku. Betri ikivimba, inapindisha mwili mzima wa simu. Sasa mwili wa mtoto wa miezi miwili!

Sentimita: Huwa anaiweka kitandani. Upande wa kushoto, nadhani.

Redio: Umeona?

Wakili: Subiri. Kama ni kitandani, tuanzie kitandani. Sakafu ya chumba chenu imelala sawa?

Sentimita: Ukidondosha shanga inakwenda mlangoni.

Wakili: Basi kesi imekwisha! Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mmemlaza kwenye mteremko, mguu wa chini umerefuka. Mgeuzeni, kichwa kielekee mlangoni. Baada ya mwezi miguu inalingana.

Mngekuwapo mngecheka, na mimi nilitaka kucheka. Lakini Sentimita alichukua chaki yake, akavuta kipande cha kitambaa, akaandika: *simu*. Chini yake akaandika: *kitanda*. Herufi zilipinda, yeye ambaye huchora mstari wa shati bila rula.

Tena mimi nilikuwa na sababu yangu ya kukosa raha. Ndani ya sanduku langu kulikuwa na kiatu cheusi cha kike, cha mguu wa kushoto, ambacho soli yake naiongeza unene wa vidole vitatu. Juzi, tukiwa wawili tu, Sentimita alikiokota akaniuliza, kama mtu anayepitisha muda, mwenye kiatu hiki alipatwa na nini. Nilimtazama machoni, nikaogopa, nikamwambia ilikuwa ajali ya baiskeli. Aliposikia hivyo alipumua. Sasa nikakifunika kile kiatu kwa gazeti, polepole, asinione.

Redio: Lakini tusisahau na dunia yenyewe. Dunia inazunguka upande mmoja. Mtu mzima ana uzito, haimsumbui. Mtoto ni mwepesi, inamvuta.

Mama Birika: Inamvuta mguu mmoja?

Redio: Ule ulio karibu.

Wakili: Sababu tumuachie Redio. Tuzungumze dawa. Samaki mkunje angali mbichi. Kila asubuhi, kabla hajanyonya, unaushika ule mfupi unauvuta. Taratibu, kama mpira wa manati.

Mama Birika: Thubutu! Mkono utakaouvuta mguu wa yule mtoto nitaumwagia birika hili, lilivyo hivi hivi.

Sentimita: Nimeshauvuta.

Mama Birika alibaki na birika hewani.

Sentimita: Jana. Kidogo tu, kama unavyonyoosha kitambaa kabla ya kupiga pasi. Akalia. Siyo kile kilio cha njaa, hiki sijawahi kukisikia. Nikamwacha hapo hapo. Mama yake akaja mbio, nikasema ni gesi. Jamani, nimemuumiza mwanangu kwa mikono hii.

Mama Birika aliweka birika chini. Akamwita kwa jina la mtoto, kama anavyoitwa baba yeyote, Baba Fulani, siyo fundi wala Sentimita.

Mama Birika: Mama yake anajua habari ya miguu?

Sentimita: Nilimwambia nimekosea kukata, nitarekebisha.

Redio: Wewe? Wewe umekiri umekosea kukata?

Mshangao wake ulikuwa na haki. Miaka yote tuliyokaa hapo Sentimita hajawahi kukosea. Bibi harusi mmoja gauni lilimkataa kiunoni, akaambiwa kiuno ndicho kilichokosea. Na sasa mtu huyo amelibeba kosa ambalo si lake, akalipeleka nyumbani.

Sentimita: Mwezi mzima wa kwanza mama yake alikuwa akiweka kidole puani kwa mtoto kuona kama anapumua. Kila mara. Wiki hii ndiyo kwanza ameanza kulala. Nimwamshe kwa habari gani? Kwa hesabu ya mikunjo?

Wakili: Umefanya vizuri. Kimya kingi kina mshindo mkuu.

Redio: Lakini pia, mficha maradhi, kifo humu...

Mama Birika alimtazama. Redio akaumalizia usemi ndani ya kikombe.

Hapo ndipo alipotokea shemeji yake Sentimita, mdogo wa mkewe, ana kapu mkononi na jasho usoni.

Shemeji: Shikamooni.

Tukaitikia marahaba, tukisogea kama watu waliokutwa ndani ya kabati la mwenzao.

Shemeji: Shemeji, dada ameuliza, kisuruali tayari?

Sentimita: Bado kidogo.

Shemeji: Siku nne? Si hiki hapa?

Alikichukua mezani. Akalaza mguu juu ya mguu, kama anavyofanya mtu yeyote anayekunja nguo zilizokauka. Akavuta kwa vidole, akatazama pindo.

Shemeji: Mbona miguu iko sawa?

Sentimita: Ndiyo.

Shemeji: Basi ulikosea wapi?

Lilikuwa swali jepesi, ameliuliza bila ubaya. Wakili, ambaye ana jibu la kila kitu mpaka la mvua, alianza kukagua kucha zake. Redio akaokota simu ya mteja akaitikisa, kana kwamba imeita. Mama Birika aligeukia ukuta. Sentimita alishika futi yake kwa mikono miwili, huku na huku, kama mtu anayening'inia.

Shemeji: Dada alisema ukikaa kimya nikuulize na la pili. Mbona siku hizi ukimbeba mtoto unamshika mguu mmoja tu? Na unahesabu nini, shemeji? Anakusikia ukinong'ona, miwili, mitatu. Hajalala siku tatu. Anajifanya.

Sentimita alikaa. Benchi likalia juu ya tofali lake.

Nikaliondoa gazeti. Nilikuwa naona aibu, na aibu hiyo ninayo mpaka leo. Nikaweka kile kiatu juu ya benchi, kati yake na kahawa iliyopoa.

Mimi: Fundi, haikuwa baiskeli. Nilikudanganya. Mwenye kiatu hiki ni mwalimu. Nyonga yake haikukaa mahali pake tangu kuzaliwa. Mama yake aliona mapema, kwenye mapaja, kama wewe. Akauliza majirani.

Sentimita: Wakasema nini?

Mimi: Walikuwa na majibu mengi. Alipelekwa hospitali anatembea tayari, anachechemea. Daktari akamwambia mama, mngemleta akiwa mchanga, hii tungeirudisha bila kisu.

Sentimita: Akiwa wa miezi mingapi?

Mimi: Sijui. Mimi nashona viatu. Lakini wako ana miwili. Sijui kama ni ugonjwa huo au si huo. Nenda leo.

Hakunitukana, na ningeshukuru angenitukana. Alisimama, akaivua ile futi shingoni, akaitundika kwenye gurudumu la cherehani. Nilikuwa sijawahi kuiona shingo yake tupu. Ilikuwa na alama nyeupe kuzunguka.

Shemeji: Kisuruali nikirudishe ndani?

Sentimita: Kilete. Avishwe hicho hicho. Nataka daktari aone nilichokiona.

Shemeji: Na dada nimwambie nini?

Sentimita: Nitamwambia mwenyewe. Twende.

Wakaondoka kwa haraka, yeye mbele, duka wazi, mkasi juu ya kitambaa cha mtu. Kile kipande chenye maandishi ya chaki kilibaki mezani, *simu*, *kitanda*, mpaka Mama Birika alipokichukua akafutia vikombe.

Tulikaa. Mtu mmoja alipita akiuliza suruali yake, tukamwambia kesho.

Wakili: Kusema kweli, mimi tangu mwanzo nilikuwa nataka kusema...

Redio: Hata mimi. Ngoja nimalizie kahawa, nitawaambia. Mama, ongeza hapa.

Mama Birika: Kahawa imekwisha.

Redio akanyoosha shingo kuchungulia. Birika lilikuwa limejaa.