Shamba la Nani: Papa Hilaire na Beseni la Mbegu

Kuna sauti moja ambayo haijanitoka: maharage yakitoka kwenye beseni la bati na kurudi katika kikapu cha mwenyewe. Yakiingia kwenye bati hupiga kelele kama mvua ya mawe. Yakirudi kikapuni karibu hayasikiki. Siku ile shapeli nzima, kanisa letu dogo, iliyasikia, na kikapu kilikuwa cha baba yangu.

Aliyeyarudisha ni Papa Hilaire, katekista wetu hapa Masisi, kwenye vilima vya juu ya Kingi, ambaye Jumapili hii, tarehe 25 Septemba 1966, anastaafu baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi. Kamati ya shapeli imeniomba mimi, mwalimu wa darasa la tatu, niandike wasifu wake kwa ajili ya sherehe. Naandika ninayoyajua.

Papa Hilaire alizaliwa upande wa Omate, Walikale, katika nyumba ya wawindaji. Baba yake alitaka afuate mbwa na nyavu. Yeye akafuata shule ya makatekista. Alipotumwa Masisi hakuwa amewahi kupanda harage hata moja, maana kwao ni ndizi, mihogo na nyama ya msituni. Mama Anastasie, jirani yake wa kwanza, bado husimulia jinsi alivyoyachemsha maharage kwa muda wa kuchemsha ndizi, akayatafuna yakilia menoni, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti kubwa. Wanawake wakamwita Papa Meno, na wengine hawajaacha.

Kosa lake la pili ndilo lililotupatia desturi yetu. Septemba yake ya kwanza hapa kila mama alileta mbegu zake zibarikiwe. Mbegu za nyumba huchaguliwa kwa miaka mingi: nyekundu zinazovumilia mvua, nyeusi za udongo mwepesi, zile za madoa ambazo bibi harusi hupewa na mama yake. Papa Hilaire alidhani ni sadaka ya chakula. Akamimina vikapu vyote katika beseni moja, akachanganya kwa mkono mpaka kwenye kiwiko, akabariki. Wanawake nusura wampige. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kuzitenganisha, kila mmoja alipimiwa kiasi alicholeta, za kwake pamoja na za wenzake. Mvua ilizidi msimu ule, lakini hakuna shamba lililokosa kitu, maana kila shamba lilikuwa na mbegu za kila nyumba. Tangu hapo hatujabariki mbegu kwa namna nyingine.

Aliwafundisha watu wazima kusoma. Mimi mwenyewe nilizijua herufi kwake kabla sijaenda kwa masista. Alibatiza watoto waliokuwa wanakufa wakati Padre yuko mbali, na mara nyingi Padre alikuwa mbali.

Kisha ikaja miaka ambayo maandishi ya sherehe hupenda kuiruka. Ulikuja uchaguzi, vikaja vyama, likaja swali la nani mwenyeji na nani mgeni. Nyumba ziliwaka kwenye vilima hivi na kule Ngungu, za upande huu na za upande ule. Sitaandika kabila la mtu hapa, kwa sababu Papa Hilaire hakuliuliza alipokuwa akichimba makaburi. Siku ya kumzika mume wa jirani yetu Mama Vestine, aliyeuawa kwa panga, mzee mmoja alianza kusema kwamba ni mapenzi ya Mungu. Papa Hilaire alimkatiza.

"Musimupatie Mungu kazi ya panga," alisema.

Jumapili iliyofuata alisimama mbele yetu, akafungua kinywa, akakifunga. Halafu akasema kwamba leo yuko na hasira nyingi kuliko imani, tukae tu. Tukakaa. Hakuna aliyeimba. Nilikuwa nimerudi kutoka shuleni na majibu mengi juu ya mateso ya wasio na hatia, na siku ile sikulihitaji hata moja.

Mama Vestine na watoto wake walikimbilia kulala katika darasa langu. Shamba lake, lile la chini ya chemchemi, liliingiwa na majembe ya watu wengine. Kila mtu alijua ni ya nani.

Basi ikafika siku ya mbegu, Septemba ya mwaka jana. Baba yangu, Papa Faustin, huwa wa kwanza kwenye mstari. Alimwaga maharage yake katika beseni tupu, akangoja maji ya baraka. Papa Hilaire hakugusa maji.

"Faustin, hii mbegu inaenda mu shamba ya nani?"

Baba alijibu kwamba ni la kwake. Papa Hilaire akamwambia kwamba la kwake liko juu kilimani, naye anauliza lile la chini ya chemchemi.

"Ile iliachwa."

"Haikuachwa. Mwenyewe analala mu klasi, hapa nyuma ya ukuta."

"Katekista, weka maji ya baraka. Politike achia wenye politike."

"Maji niko nayo, ndugu yangu. Nangoja jibu."

Baba akakunja mikono kifuani, na Papa Hilaire akainamisha beseni juu ya kikapu cha baba. Aliyefuata alikuwa Mama Anastasie. Alipoulizwa, akasema, "Ya kwangu, Papa Meno, ao unafikiri nimezeeka mpaka nasahau shamba?" Watu wachache wakacheka. Wengine walibeba vikapu vyao wakaondoka kabla ya kufikiwa.

Ni haki niseme pia kwamba mdogo wake baba aliungua ndani ya nyumba yake kule Ngungu, na hakuna aliyewahi kuja kuomba radhi. Papa Hilaire alijua. Jioni ile alikuja kwetu, akaketi karibu na baba, wakamlilia marehemu pamoja mpaka moto ukapungua. Kisha akasimama mlangoni, akauliza tena swali lile lile. Baba hakumsindikiza.

Wiki hiyo mihogo ya katekista iling'olewa yote. Mwaka huu kamati imeona kwamba macho yake yamechoka. Ni kweli hawezi tena kusoma herufi ndogo, lakini beseni halina herufi. Kamati iliamua vilevile kwamba baraka ya mbegu ifanyike bila yeye, wiki moja kabla ya sherehe, na kwa kuwa katekista mpya hajafika, mimi nishike beseni. Papa Séraphin, mkubwa wa kamati, alinieleza kwa upole. "Mademoiselle, wewe umesoma. Maji tu, na wimbo."

Papa Hilaire anarudi Omate, kwa ndugu zake. Tunamshukuru kwa wafu wetu wote aliowazika, na kwa hasira ambayo hakutuficha. Papa, tunakuombea ndizi laini, usingizi mzito, na jirani wa kukucheka. Nenda ukiwa na amani. Sisi hapa bado tunaitafuta.

Jumapili iliyopita mstari ulifika mpaka barabarani. Baba yangu alikuwa wa kwanza. Nilifunika beseni kwa mkono, nikamuuliza mbegu zake zinakwenda katika shamba la nani. Alijitwika kikapu chake, akatoka. Niliwauliza na wengine wote, mmoja mmoja. Tangu siku hiyo nalala darasani, karibu na Mama Vestine na watoto wake.