Kisanduku Kilichochuja Mchumba

Mpaka leo kuna jambo sijalielewa: kitu ambacho kazi yake ni kupunguza, kinawezaje kumfanya mtu asikie zaidi? Mawimbi, fundi redio wetu, alikuwa ameweka mtambo wake wa mawasiliano mezani, mbele ya benchi letu la kahawa. Jumamosi iliyopita alimposa mwanamke wa ng'ambo aliyezungumza naye hewani miaka mitatu. Mwanamke akaanza kujibu, "Nime…", mara stesheni ya redio yenye mnara nyuma ya soko ikavamia na mpira wake: "Gooooli!" Wiki nzima Mawimbi akaunda kisanduku cha kuchuja sauti ya mnara huo, akakipachika kati ya antena na redio. Saa kumi leo jibu lingerudiwa. Saa kumi ilishapita, na redio ilikuwa kimya kama maji mtungini.

— Umechuja mpaka mchumba, alisema Kinyozi.

— Kinazuia mnara tu, Mawimbi akajitetea. Ni kama bawabu.

— Bawabu mgeni huyo, akadakia Breki, fundi baiskeli. Hajui nani wa nyumbani.

— Wahenga walisema, akarudi Kinyozi, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu ni mnara. Umemziba mdomo, kakuvunjia redio.

— Methali hiyo haihusu minara, Kinyozi, alisema Mawimbi.

— Inahusu masikio!

— Mimi naona jibu limekwama humo ndani, linavimba, alisema Breki. Likifyatuka, linamwoa aliye karibu.

— Basi sogea, Breki, wewe una mke!

Mawimbi akatazama saa.

— Jamani, baada ya dakika tano mwenzangu anazima mtambo wake. Ataona nimemkimbia.

Tukapiga kura: kisanduku king'olewe. Hapo mshonaji wa duka la pili, aliyefuata kahawa tu, akainama mezani.

— Kaka, hiki kidude cha kuzungusha hapa kwenye kisanduku ni cha nini?

Kinyozi akamtazama Breki. Breki akatazama kikombe. Mawimbi akashika kichwa: jana alikuwa amejaribu kisanduku kwenye masafa mengine, na hakurudisha kidude mahali pake. Mshonaji akakizungusha taratibu, kama anayetia uzi kwenye sindano. Mvumo ukapanda, ukapanda, kisha:

— …nimesema nimekubali! Tangu wiki iliyopita! Wewe bwana husikii?

Kijiwe kikabadili uamuzi: kisanduku kibaki, wang'olewe Kinyozi na Breki. Aliyetekeleza ni mshonaji. Alikaa katikati ya benchi, akaweka kikapu chake alipokuwa amekaa Kinyozi na kahawa alipokuwa amekaa Breki.