Nusu Yai Iliyomponza Tukai

Panchu muuza chai alikwishajaza chai vikombe vya udongo mara mbili, na baraza la uchochoro wa Haldar, hapa Kolkata, lilikuwa bado linafoka. Adhuhuri ile Tukai, binti wa mtaa, alihitaji kushinda mchezo wa mwisho wa sataranji ili aingie timu ya jimbo. Akatoka sare, na nafasi ikaenda. Aliyeumia kuliko wote ni Bhombol, baba yake mdogo, aliyemfundisha juu ya baraza hilo hilo tangu miguu yake haijafika chini. Ukumbini alimgeuzia mgongo mbele za watu, akarudi peke yake.

— Hatua kumi na tisa, halafu wanapeana mikono, alisema Bhombol. Utadhani wako harusini.

— Yule jamaa aliyecheza naye ni kioo, kaka Bhombol, alisema Ghoton, ambaye hajawahi kumfunga mtu yeyote barazani. Tukai kaanza na askari wa pembeni, naye wa pembeni. Tukai kaificha kete ya tembo konani, naye kaificha ya kwake. Mwiga tembo hupasuka msamba. Mbona yeye hakupasuka?

— Mchezo umeuzwa huo, alidakia Nontu, karani mstaafu wa mahakama, anayemshuku hata muuza maziwa. Utaigaje kila hatua kama hujaambiwa? Kuna mtu humu mtaani katoa siri.

— Siri gani, na hatua zote ziko ubaoni? aliuliza Ghoton.

— Ndiyo uone walivyo wajanja.

Bhombol akaweka kikombe chini.

— Acheni hizo. Ni yai.

Siku ya mtihani mtoto hali yai, maana yai ni sufuri. Nyumba gani isiyojua hilo?

— Asubuhi nimemkuta analo, kapewa na mama yake, aliendelea Bhombol. Nikampokonya, lakini nusu ilishashuka.

— Basi hesabu imetimia, alisema Nontu. Yai zima, sufuri. Nusu yai, nusu alama ya sare. Nusu shari kuliko shari kamili.

— Hata mahakamani tungeshinda, alisema Ghoton.

Mpangaji mpya wa nyumba ya pili, mama aliyekuwa akingoja chai yake, akageuka.

— Samahanini, kaka zangu. Tangu hiyo nusu yai, mtoto amekula nini?

Ghoton akamtazama Nontu. Nontu akaitazama chai yake. Bhombol aliinua macho hadi dirisha la Tukai, likiwa limefungwa, na hakujua hata kama amerudi.

Nusu ile aliyompokonya alikuwa ameila yeye mwenyewe.