Mama Turubai na Lori la Jumanne na Ijumaa

Ndugu wafiwa, majirani, wafanyakazi wenzake marehemu, na nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kuketi nasi, mimi ni mdogo wake wa kumfuata, mwalimu mstaafu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii kwa sababu wanadai sauti yangu inafika mbali, ingawa dada mwenyewe alikuwa akisema sauti yangu inafika mbali kuliko akili yangu, na leo sitabishana naye.

Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Turubai, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1962, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wanne wa fundi viatu na mkewe, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stendi ya zamani, na mama alitusimulia kwamba alitoka tumboni amekunja uso, kana kwamba ameshamsikia mtu anamkatalia jambo. Alianza shule ya msingi mwaka 1970 na kumaliza mwaka 1976, akafaulu vizuri kuliko sisi wote, lakini mwaka huohuo macho ya baba yalianza kuharibika na ikabidi abaki nyumbani kumshonea viatu vya wateja, na ndiyo maana mimi niliyekuwa wa kumi na tisa darasani nikawa mwalimu, na yeye aliyekuwa wa kwanza akawa fundi. Hakuwahi kunitupia neno hilo usoni, hata siku nilizostahili.

Januari 1978 alijiunga na chuo cha ushonaji, akahitimu Desemba 1979 kwa daraja la kwanza, na tarehe 3 Machi 1980 akaajiriwa katika karakana ya maturubai, mahali alipofanya kazi miaka thelathini na saba mpaka alipostaafu tarehe 31 Agosti 2017. Karakana ile ilikuwa na mkataba wa kushona vifuniko vya malori ya jeshi, kwa hiyo dada alipanda juu ya mamia ya malori akiwa na futi ya kupimia shingoni, alijua kila aina inachanikia wapi na kamba yake ikazwe vipi, lakini katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkaribisha aketi kwenye kiti, si cha dereva wala cha abiria.

Tarehe 5 Julai 1986 alifunga ndoa na fundi saa aliyekuwa na kibanda kando ya posta, mtu mpole ambaye hata akikasirika hujui mpaka akuambie, na walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa tarehe 17 Septemba 1988, ambaye anauza vipuri vya magari, na mtoto wa kiume aliyezaliwa tarehe 2 Aprili 1992, mwokaji mikate, na marehemu ameacha wajukuu watatu. Nyumba yao mnaijua, ni ile ya mwisho kabisa huku juu, baada ya korongo, na sote tunaoishi upande huu tunajua mvua ikinyesha siku mbili mfululizo barabara yetu inageuka uji.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kamati ya mazishi iliniandikia kwa mstari mmoja tu, kwamba "marehemu pia alimiliki lori," na mimi nimekataa kulisoma hivyo. Mei 2016 shemeji aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, na kuanzia Agosti 2017 akatakiwa kuwa hospitalini kila Jumanne na Ijumaa, alazwe kwenye mashine ya kusafisha damu kwa saa nne, na daktari aliwaeleza wazi kwamba siku hizo si za kubahatisha. Kiangazi walikuwa wakikodi teksi pamoja na karani mmoja wa posta, mgonjwa mwenzake, jirani yetu. Mvua za mwaka ule zilipoanza, teksi zikagoma kuvuka korongo, shemeji akakosa mashine mara tatu mfululizo, akavimba uso mpaka macho yakawa mistari, na yule karani alifariki tarehe 12 Desemba 2017, kitandani kwake, akiwa amevaa viatu tayari kwa safari. Dada alirudi kutoka kwenye mazishi yale, akavua khanga, akaniambia kwamba mume wake hatakufa kwa sababu ya matope.

Tarehe 20 Januari 2018, bila kumshauri mtu, alikwenda kwenye mnada wa jeshi akatoa kiinua mgongo chake akanunua lori la magurudumu sita, la aina ile ambayo magurudumu yote sita yanavuta, isipokuwa hili halikuvuta hata moja, kwa kuwa lilikuwa limekaa nje miaka kumi na moja, injini imeganda, panya wamekula nyaya, na katikati ya bodi kumeota mti unaonizidi mimi urefu. Lililetwa hapa likiburutwa na trekta. Jamani, nilichukia! Nilimwambia mbele ya watu kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu, akanikumbusha kwamba katika familia hii mkuu ni yeye, kwa hiyo nichunge guu langu, na mimi kwa hasira nikaapa kwamba chuma kile kikitembea kwa nguvu zake chenyewe nitanyoa masharubu niliyoyafuga tangu mwaka 1985. Mvua zilikuwa zimekatika na teksi zimerudi, alikuwa na miezi tisa kabla ya mvua nyingine, na hilo ndilo alilokuwa akilihesabu, si maneno yangu.

Kosa la kwanza lilifanyika tarehe 3 Februari, na nalitaja hadharani kwa sababu nilikuwemo. Tulikuwa wanaume wanne, fundi wa trekta ambaye tunamwita Taratibu, jirani mwenye mashine ya kusaga, mpwa wangu mwokaji na mimi, tukiyafungua magurudumu, na yale ya upande wa kulia yalifunguka kwa jasho la kawaida, lakini ya kushoto yaligoma, tukaongeza bomba la mita mbili kwenye spana, tukaning'inia watu watatu, tukalaani kutu, tukavuta, mpaka boliti zikakatika moja baada ya nyingine, nne nzima. Taratibu akafuta mikono akasema hapo hakuna lori, pana chuma chakavu, na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi moyoni.

Shemeji alikuwa ameketi mlangoni, blanketi miguuni, jana yake alikuwa kwenye mashine, na miezi mingi alikuwa hasemi kitu kwa sababu aliona aibu kwamba mke wake anahangaika kwa ajili yake. Aliomba apewe boliti moja iliyokatika, akavaa lenzi yake ya jicho moja, akaigeuzageuza, kisha akacheka, kicheko tulichokuwa tumeshakisahau, akatueleza kwamba ndani ya saa kuna skrubu moja ambayo hukazwa kwa kuelekea kushoto, kila mwanafunzi wa ufundi saa huivunja mara moja katika maisha yake, na kwamba hesi za boliti hizi, ile mistari inayozunguka mwili wake, nazo zimelala upande huohuo, ili gurudumu la kushoto linapozunguka lisijifungue lenyewe, kwa hiyo sisi wanaume wanne na bomba letu tulikuwa tunakaza tangu asubuhi. Dada alichukua spana, akageuza upande wa pili, na nati zote zilizobaki alizifungua peke yake kwa nusu saa huku sisi tumesimama kama waliomwagiwa maji, na zile boliti nne alikwenda kuzitengenezesha upya kwa fundi wa kukereza vyuma.

Kuanzia siku ile shemeji hakuwa tena mgonjwa wa mlangoni. Saa zote za dashibodi zilipelekwa mezani kwake, akazifumua na kuzisafisha kwa brashi yake ndogo, zikapona zote isipokuwa ya mwendo, ambayo mpaka leo inasoma ishirini hata lori likiwa limeegeshwa. Injini nayo, walifungua nozeli wakamimina dizeli ndani ya silinda, na kila asubuhi kabla ya chai dada alitia wenzo akaegemea kwa uzito wake wote, haikutikisika, akafunika akaenda kunywa chai, siku arobaini, na nilipomkumbusha kwamba mkaidi hafaidi mpaka siku ya Idi alinijibu kuwa basi ataisubiri hiyo Idi, na siku ya arobaini na moja injini ikasogea upana wa kidole. Alipiga yowe tukadhani ameumia.

Tarehe 2 Septemba 2018, saa nne asubuhi, lori lilinguruma, likatoa moshi ulioficha nyumba tatu, likatembea kutoka uani mpaka barabarani, na kabla sijamaliza kupiga makofi binti yake alikuwa amesimama mbele yangu na wembe juu ya kisosi. Nilinyoa. Kwa toba nikalinunulia lori redio, nikaiunga mwenyewe, ikaungua palepale, kwa kuwa umeme wa malori yale ni mara mbili ya wa magari yetu, na dada akaniomba kwa heshima zote nirudi kwenye kufundisha.

Kisheria rangi ya jeshi hairuhusiwi kwa raia, wakalipaka njano. Udereva aliusomea akiwa na miaka hamsini na sita, akafeli mara ya kwanza kwenye kurudi nyuma, akafanya mazoezi kwa mapipa wiki tatu, akapata leseni ya magari makubwa tarehe 17 Oktoba, na tarehe 29 lori likapita ukaguzi baada ya kukataliwa mara mbili kwa sababu ya taa. Kilichobaki kilikuwa kifuniko, na hicho hakumruhusu mtu mwingine akiguse, alikata turubai jipya sebuleni, akalishona kwa mkono kwa siku tano, akashona na magodoro ya mabenchi, na nilimkuta amekaa chini katikati ya turubai lile analia, nikamwuliza kuna nini, akasema hajawahi kushona moja la kwake.

Jumanne ya tarehe 6 Novemba 2018 mvua ilikuwa imenyesha siku tatu, kwenye korongo yamekwama magari saba, na dada akashuka gia, akayapita kando taratibu, shemeji kiti cha mbele, mimi nyuma nimeshikilia bomba la turubai kwa mikono miwili nikisali sala zote ninazozijua, na saa tatu kamili shemeji alikuwa kwenye mashine. Wagonjwa wengine wa upande huu waliposikia walianza kuja alfajiri kusimama getini kwake, kwanza watano, baadaye kumi na mmoja, na tangu siku ile mpaka Ijumaa ya tarehe 24 Mei mwaka huu, zaidi ya safari mia tano na sabini, hakuna Jumanne wala Ijumaa hata moja ambayo mtu wa huku alikosa mashine kwa sababu ya njia.

Marehemu alikuwa na shinikizo la damu kwa muda mrefu, akilificha kama alivyoficha uchovu, na Jumapili tarehe 26 Mei 2024 alipatwa na kiharusi akiwa anakagua upepo wa matairi. Alilazwa hospitali ileile anakotibiwa mumewe, wodi ya juu yake, na siku za mashine shemeji akishamaliza alipandishwa kwa kiti cha magurudumu kukaa naye. Sauti ya dada ilikuwa imeondoka, lakini mkono wa kushoto ulibaki na nguvu kidogo, na siku moja alimwomba binti yake kalamu kwa ishara, akaandika kwenye bahasha ya dawa maneno mawili, Jumanne, Ijumaa, akayapigia mstari mpaka karatasi ikatoboka. Alifariki Jumatatu tarehe 10 Juni 2024, saa tano asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na moja.

Kwa niaba ya familia nawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi zote mbili, nawashukuru wafanyakazi wenzake wa karakana waliokuja na turubai hili linalotukinga jua, namshukuru Taratibu na yule fundi wa kukereza vyuma, nawashukuru majirani kwa maji, viti na machozi yenu.

Na sasa nawajibu wale ambao tangu asubuhi wananong'ona kwamba mume gani huyu asiyeonekana kwenye kilio cha mkewe. Jumanne iliyopita, siku moja baada ya msiba, shemeji alikataa kwenda kwenye mashine, alikaa kwenye kitanda cha mkewe akasema hana haja tena, na kufikia jana miguu ilikuwa imevimba haiingii kwenye viatu. Mazishi yalikuwa yamepangwa leo Ijumaa saa nane, wageni wa mbali wako njiani, na kuna wazee wetu waliosema mara moja haitamwua, kwanza amzike mkewe, mengine baadaye, nami nikawajibu kwa sauti hii mnayoisikia kwamba hatutazika watu wawili kwa wiki moja, na anayetaka kubishana aniletee bahasha ile anionyeshe palipoandikwa "isipokuwa siku ya mazishi yangu". Alfajiri, mimi na binti yake, ambaye mama yake alimfundisha kuliendesha lori lile, tulimbeba tukampakia na wenzake kumi, amevaa suti yake, na aliondoka akilia.

Kwa hiyo hatutazika saa nane. Tutazika saa kumi. Mashine ilimwachia saa saba, kwenye korongo jana ilinyesha mvua ya nje ya msimu, lakini mnajua hilo si neno, na wenye haraka tunawaruhusu waende kwa amani. Dada yangu, umefanya kazi ya kutosha, pumzika sasa, amani ikae nawe, nasi tunakaa hapa na wewe, mumeo yuko njiani anakuja kukuzika.