Kondoo Waliopapaswa

Ndani ya basi, mzazi kijana aliyempakata mwanawe alimsikia fundi viatu wa kiti cha mbele akiimba, kwa sauti ya bawaba kavu, wimbo wa zamani wa mwizi wa kondoo. Mwizi alijifanya mnunuzi. Kondoo ambaye mwizi alimpapasa mchana, usiku mbwa wa mwizi alirudi peke yake kumchukua.

"Kaka, wimbo huo umeutoa wapi?" akauliza mfugaji aliyeketi kando ya fundi, mwanamke wa makamo.

"Bibi alikuwa akitubembeleza nao."

"Mkalala?"

"Kama magogo."

Mfugaji hakucheka. "Leo asubuhi alikuja mtu na mbwa. Akapapasa kondoo wangu wawili wenye mimba, akasema atafikiria. Mbwa wake hata hakubweka. Na usiku wa leo mama yangu analala peke yake mlangoni pa zizi."

"Ni wimbo tu, dada. Mbwa gani ana akili hizo?"

"Wangu anawajua kondoo wote. Wa mwizi atashindwaje?"

"Basi mpigie simu."

"Mzito wa masikio."

Mzazi kijana akajikuta amembana mwanawe kifuani. Basi likasimama. Mfugaji akashuka, akavuka barabara mbio kungoja gari la kurudi.

"Ni wimbo tu," fundi akarudia. Alimwambia nani, haikujulikana.