Taa ya Shefu Onésime

Benchi la kahawa la Mama Kadidja liko mtaa wa Keshero, karibu na mtaro wa bomba la maji tunaouchimba. Asubuhi hiyo Onésime, shefu wetu wa mradi, alikuwa mjini kwenye semina ya viongozi, eti wafundishwe kukuza watu wao. Nilicheka kwa hasira, maana huyo bwana hajawahi kutufundisha chochote. Kazi alimwachia mchimbaji mwenzetu Théogène kwa neno moja la simu: endelea. Théogène akashuka mtaroni peke yake. Sisi wengine tulikataa, tukaja kunywa kahawa. Huko chini hulala mazuku, ile hewa ya volkano isiyo na harufu, nayo huua.

— Shefu anashushaka taa kwanza, alisema Janvier, mchimbaji mwenzangu tunayemwita Diplome kwa jinsi asivyochoka kutaja masomo yake. Anaiangalia, njo anasema: shukeni. Ile ni siyansi.

— Siyansi gani? alidakia muzee Swedi, dereva mstaafu, jina lake la benchi Satelaiti. Anasemeshaka batu ya chini, ile mizimu. Anabaambia majina yenu, moja moja, basibashike.

— Muzee, wacha kutuogopesha.

— Sasa juu ya nini anabageuziaka mugongo? Ukimukaribia tu, anakufukuza!

Hilo lilikuwa kweli. Taa tuliiona kwa mbali tu, na maana yake alibaki nayo mwenyewe, ili kazi isiweze kutembea bila yeye.

Mama Kadidja alisimama, birika mkononi.

— Mie naona ile batu ya chini inashikaka sauti ya mutu. Leo Théogène alishusha taa, akanong'ona, kisha akasema "shukeni." Ilikuwa sauti ya Onésime, na kikohozi yake pia.

Nami nilikuwa nimeisikia sauti hiyo, nikajifanya sikusikia.

— Na taa? nilimuuliza.

— Ilipanda imezimika. Akafurahi. Akasema: sawa, chini kumenikubali.

— Diplome, alisema Swedi kwa sauti ndogo, inapashwa kuzimika, ao kuwaka?

— Ni shefu tu njo anajua.

— Muite basi!

Janvier alipiga simu. Ya shefu ilikuwa imezimwa.

Hapo akafika Olive, mke wa Théogène, na chakula cha mumewe kwenye kitambaa. Alitusalimu vizuri, akapita mpaka ukingoni, akaita. Akaita tena, kwa nguvu. Kutoka chini kikapanda kikohozi kimoja, cha shefu kabisa, yule aliyekuwa kwenye semina mjini. Swedi akaanza kusali.

— Si yeye, alisema Mama Kadidja. Olive, usijibu!

— Ni bwana yangu, Olive alisema. Akakiweka chakula chini, akatugeukia. Bapapa, munafanyaka kazi naye kila siku. Nani kati yenu anajua kumutoa bila kubaki naye mule ndani?

Janvier alipiga simu tena. Mimi niliokota kamba, nikasimama nayo. Niliona aibu, na niliogopa sana, kwa sababu Olive alikuwa ananiangalia mimi, na mtaro haukukohoa tena.